Magurudumu ya Treni: Ni Nini Kinachoyashika Juu ya Reli?



Katika ukurasa huu twajaribu kufumbua mambo ambayo macho yetu huyaona kila siku, lakini akili zetu huyapita. Juma hili twataka kuinama na kutazama chini ya treni. Wazee wetu waliiita gari la moshi, na jina hilo limebaki midomoni mwa wengi, ingawa moshi wa kuni na wa makaa umekwisha kutoweka katika njia zetu. Mashini za mvuke zimekwenda, zimekuja za mazuti na za umeme. Walakini gurudumu lenyewe limebaki karibu vile vile. Babu aliyeliona akiwa kijana angelitambua hata leo.

Tuanze na swali jepesi. Dereva wa lori ana usukani. Mwenye baiskeli hushika mikono ya baiskeli yake, akaigeuza kuume na kushoto. Dereva wa treni je? Ukiingia katika chumba chake utaona kitasa cha kuongeza nguvu, kitasa cha breki, saa za kupimia mwendo, na kengele. Usukani hutauona. Basi njia ikipinda mlimani, ni nani anayeigeuza treni?

Wengi hujibu upesi: “Ni ule ukingo wa gurudumu.” Jibu hilo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ndiyo iliyo nzuri zaidi, na ndiyo tunayotaka kuieleza.

Mawili katika ekseli moja

Gurudumu la treni halisafiri peke yake. Magurudumu mawili hufungwa katika chuma kimoja kinene cha mviringo, kiitwacho ekseli, moja upande huu na moja upande huu. Hayo mawili na ekseli yake ni kitu kimoja: huzunguka pamoja, husimama pamoja, wala moja haliwezi kwenda mbio kuliko mwenziwe.

Hapo treni hutofautiana sana na gari la barabarani. Katika motokaa, gurudumu la kuume laweza kuzunguka upesi kuliko la kushoto. Ndivyo inavyotakiwa, maana gari likigeuka, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Lakini katika treni mawili hayo yamefungwa. Tena njia ya reli hupinda, na reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Tufanye hesabu kidogo. Reli nyingi za Kongo zina upana wa milimeta 1,067 kati ya reli na reli. Treni ikigeuka robo ya duara, kwa mfano ikitoka kuelekea kaskazini hata ikaelekea mashariki, reli ya nje huizidi ya ndani kwa karibu mita 1 na sentimeta 70. Ni hivyo hivyo, pindo liwe kubwa au dogo.

Je, magurudumu mawili yaliyofungwa pamoja yatawezaje kwenda safari mbili zisizo sawa, pasipo moja kuburutwa?

Siri ya mwinamo

Tazama uso wa gurudumu, yaani mahali panapokanyaga reli. Kwa mbali waonekana bapa kama uso wa ngoma. Ukiupima kwa kipimo cha fundi utaona kwamba umeinama. Upande wa ndani, karibu na ukingo, gurudumu ni nene. Kadiri uendavyo upande wa nje, lazidi kupungua. Mwinamo uliozoeleka tangu zamani ni wa 1 kwa 20: kila milimeta 20 za upana, uso hushuka milimeta 1. Siku hizi magurudumu mengi hukatwa kwa mwinamo mdogo zaidi, au kwa mviringo mwembamba unaofanana na umbo ambalo gurudumu hulipata lenyewe kwa kulika.

Basi gurudumu si duara moja. Ni maduara mengi yaliyopangwa, makubwa ndani na madogo nje. Ekseli ikisogea kidogo upande wa kuume, gurudumu la kuume hukanyaga reli kwa sehemu yake iliyo kubwa, na la kushoto kwa sehemu yake iliyo ndogo. Kila mzunguko mmoja, la kuume huenda mbali kuliko la kushoto. Matokeo yake ni nini? Ekseli nzima hugeuka kuelekea kushoto na kurudi katikati ya njia. Hakuna mtu aliyeishika. Umbo lake lenyewe limeirudisha.

Katika pindo ni vivyo hivyo. Ekseli husukumwa upande wa nje. Gurudumu la nje hupanda katika sehemu yake kubwa, la ndani hushukia sehemu yake ndogo, na kila moja hupata safari inayolifaa. Tena si lazima isogee sana. Kwa mwinamo wa 1 kwa 20, ekseli ikisogea milimeta 5 tu, tofauti kati ya nusu-kipenyo cha gurudumu moja na cha jingine huwa nusu ya milimeta. Kidogo hicho chatosha kuipitisha treni, bila ukingo kugusa reli, katika pindo ambalo nusu-kipenyo chake ni karibu mita 900.

Wanafunzi, msituamini kwa maneno tu. Twaeni vikombe viwili vya plastiki vilivyo sawa, vya aina ile yenye mdomo mpana na kitako chembamba. Vifungeni pamoja mdomo kwa mdomo, hata viwe kama pipa lenye tumbo. Kisha wekeni fito mbili zilizonyoka juu ya meza, sambamba kama reli, mkiinue mwisho mmoja kwa kitabu. Viringisheni vikombe juu ya fito hizo, hata kama mmeviweka upande kidogo. Mtaviona vikiyumba, vikijirekebisha, vikifika mwisho. Sasa vifungueni, mvifunge kitako kwa kitako, ili pembamba pawe katikati. Jaribuni tena. Havitafika, vitaanguka upande mmoja mara moja. Mtu aliyefanya jaribio hilo mara moja kwa mikono yake amekwisha elewa gurudumu la treni.

Lakini dawa hii ina shida yake. Ekseli ikirudi katikati hupita kidogo, ikarudi tena, ikapita tena upande wa pili. Kwa hiyo treni hucheza kuume na kushoto kama mtu aliyekunywa. Mhandisi Mjerumani, Klingel, aliueleza mchezo huo kwa hesabu mwaka wa 1883. Kwa mwendo wa pole haudhuru. Mwendo ukizidi, au uso wa gurudumu ukiwa umelika na kufanya bonde, mchezo huwa mkali na wa hatari. Ndiyo maana magurudumu hupelekwa karakana kila baada ya muda na kukatwa upya, ili umbo lake lirudi.

Ukingo ni mlinzi

Sasa twaweza kuupa ukingo heshima yake. Ukingo ule ulio upande wa ndani wa gurudumu hushuka chini ya uso wa reli kwa sentimeta 3 tu hivi. Katika njia iliyonyoka haugusi reli. Kazi yake ni kungoja. Pindo likiwa kali, au njia ikiwa mbovu, ukingo hukutana na ubavu wa reli na kusema: hapa ni mwisho. Ile sauti kali ya chuma tunayoisikia treni ipitapo penye kona ni ya vyuma vinavyosuguana: magurudumu yanaburutwa juu ya reli, na ukingo unafanya kazi yake ubavuni.

Sentimeta 3, wasomaji! Behewa lililobeba tani nyingi limezuiwa na kipande kisichozidi upana wa vidole viwili. Kinachokisaidia ni uzito wenyewe, unaolikandamiza gurudumu chini. Gurudumu likipungukiwa uzito, kwa sababu mzigo umewekwa upande mmoja, au kwa sababu njia imezama upande mmoja, ukingo huweza kupanda reli na kuivuka. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Upana usiosameheka

Kwa kuwa magurudumu mawili yamefungwa katika ekseli moja, upana wao ni mmoja daima. Ekseli ya upana huu haiwezi kusafiri katika njia ya upana ule. Kongo imelijua jambo hilo kwa gharama.

Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910 ikitoka kusini, kwa upana wa milimeta 1,067. Kaskazini ya Katanga, njia ya kutoka Kabalo hadi Albertville, ndiyo Kalemie, iliyofika ziwani mwaka wa 1915, ilijengwa kwa upana wa mita 1 kamili. Tofauti ni milimeta 67. Haifiki upana wa vidole vinne. Lakini kwa tofauti hiyo behewa la kusini lisingeweza hata kidogo kufika ziwani. Katikati ya miaka ya 1950 njia ya Kalemie ikabadilishwa ili iwe na upana wa 1,067, na njia mpya kutoka Kamina ikaunganishwa nayo pale Kabalo. Magharibi nako, njia ya kwanza ya Matadi, iliyofunguliwa mwaka wa 1898, ilikuwa nyembamba kuliko hizo zote, karibu sentimeta 75. Nayo ikapanuliwa kuwa 1,067, kazi iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, njia ya Kigoma, iliyomalizika mwaka wa 1914, ni ya mita 1. Njia ya TAZARA, inayounganisha Zambia na Dar es Salaam, ni ya 1,067 kama ya Katanga. Nayo njia mpya ya Tanzania, iliyoanza kuwachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka wa 2024, ni ya 1,435. Basi mfuko wa saruji ukisafiri nchi hizi, huenda ukapakuliwa na kupakiwa tena, si kwa sababu ya milima wala mito, bali kwa sababu ya urefu wa ekseli.

Kuhesabu magurudumu

Tumetazama magurudumu mawili. Sasa tuone jinsi yanavyopangwa chini ya mashini.

Mashini ya mvuke ilikuwa na magurudumu ya namna tatu. Mbele yalikuwako madogo ya kuongoza: hayo hayakuvuta kitu, bali yaliingia katika pindo kwanza na kuielekeza mashini polepole. Katikati yalikuwako makubwa ya kuvuta, yaliyounganishwa kwa vyuma virefu vilivyokwenda mbele na nyuma kama mikono ya watwangao. Nyuma yalikuwako mengine madogo, kwa ajili ya kubeba uzito wa tanuri ya moto.

Mwamerika mmoja, Frederick Whyte, alitoa njia rahisi ya kuzitaja mashini kwa mpango huo, nayo ikaenea mwanzoni mwa karne ya 20: hesabu magurudumu ya mbele, ya katikati, na ya nyuma. Mashini yenye 2 mbele, 8 katikati na 2 nyuma iliitwa 2-8-2. Wafaransa huhesabu ekseli, si magurudumu. Kwao mashini hiyo hiyo ni 1-4-1. Basi mtu akisoma kitabu cha Kiingereza na mwingine cha Kifaransa, wasigombane: wanasema jambo moja.

Kwa nini ekseli nyingi? Kwa sababu reli na daraja vina kiasi chake cha kubeba. Uzito wa mashini nzima sio unaoivunja reli, bali uzito unaokaa juu ya ekseli moja. Mtu akipita juu ya udongo laini huzama kwa nyayo zake. Akilalia ubao hazami. Ekseli nyingi ni ule ubao.

Mfano mkubwa twaupata Afrika ya Mashariki. Mwingereza Herbert William Garratt alibuni mashini ambayo tangi lake la mvuke limening'inizwa kati ya vigari viwili, kila kigari na pistoni zake na magurudumu yake, hata mashini nzima ikaweza kujipinda kama jongoo. Ya kwanza ilitengenezwa Manchester mwaka wa 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania. Miaka ya 1955 na 1956 kiwanda hicho hicho, Beyer, Peacock, kikaipatia reli ya Afrika ya Mashariki mashini 34 za aina iliyoitwa darasa la 59, zilizopewa majina ya milima, kwa njia ya Mombasa na Nairobi. Mpango wake ulikuwa 4-8-2 na 2-8-4. Hesabuni: magurudumu 28, ekseli 14. Mashini moja ilikuwa na uzito wa karibu tani 250. Gawanyeni kwa 14: kila ekseli yapata kama tani 18 kwa wastani, ingawa zile za kuvuta zilibeba zaidi. Kwa njia hiyo jitu lile liliweza kupita juu ya reli za upana wa mita 1. Moja yake, jina lake Mount Gelai, imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya reli mjini Nairobi.

Mashini za mazuti na za umeme hazina pistoni zinazosukuma magurudumu. Mashini ya umeme, kama zile zilizoanza kazi huko Katanga mwaka wa 1952, huwa na mota karibu na ekseli. Ekseli zake hufungwa mbili mbili au tatu tatu katika kigari cha chini kiitwacho bogi, chenye springi zake, na bogi hugeuka yenyewe chini ya mwili wa mashini. Mabehewa marefu nayo hukaa juu ya bogi mbili. Kwa mashini hizo mafundi hutumia herufi: B ni ekseli mbili za kuvuta, C ni tatu. Kikiongezwa kiduara kidogo, Bo au Co, maana yake kila ekseli ina mota yake.

Linavyozaliwa

Gurudumu huanza kama kipande cha chuma kigumu, kilichokatwa kama gogo fupi. Hutiwa katika tanuri hata kiwe chekundu, karibu na joto la digrii 1,200. Hapo hukandamizwa na shinikizo kubwa, likatokea umbo la sahani nene. Kisha huviringishwa kati ya vyuma vinavyozunguka, hata uso na ukingo vikatokea. Baadaye uso wake hupozwa kwa maji, ili uwe mgumu usilike upesi, na kitovu chake hutobolewa tundu la kupokea ekseli.

Tundu hilo ndilo la kushangaza. Halitobolewi sawasawa na ekseli, bali hufanywa dogo kuliko ekseli kwa sehemu ya milimeta. Kisha ekseli husukumwa ndani kwa shinikizo lenye nguvu ya makumi ya tani. Hakuna parafujo, wala msumari, wala kuunganisha kwa moto. Chuma kimekikumbatia chuma, na kukumbatiana huko hubeba mizigo kwa miaka mingi. Mashini ya kusukumia huandika yenyewe nguvu iliyotumika. Ikiwa ndogo mno, kazi hiyo hukataliwa.

Magurudumu ya zamani, na mengine hata leo, yalifanywa kwa vipande viwili: kiini, na juu yake pete ya chuma kigumu. Pete hukatwa ndogo kuliko kiini kwa kiasi cha milimeta moja hivi. Huwashiwa moto ikapanuka, ikavishwa, ikapoa na kukaza. Faida yake ni kwamba pete ikilika hubadilishwa peke yake. Hatari yake ni kwamba breki ikisugua muda mrefu katika mteremko, pete hupata moto na kulegea. Kwa sababu hiyo mafundi hupaka mstari wa rangi unaovuka kutoka kiini hadi pete. Mistari miwili isipolingana tena, fundi anajua kwamba pete imeteleza, na behewa haliondoki.

Linavyokufa

Mwaka wa 1842, tarehe 8 Mei, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris imejaa watu waliotoka katika sherehe, ilivunjikiwa ekseli ya mashini karibu na Meudon. Mabehewa yakapandana juu ya moto. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Watu zaidi ya 50 walikufa, na kati yao Dumont d'Urville, baharia mashuhuri aliyekuwa ameizunguka dunia na kurudi salama.

Wataalamu walishangaa. Ekseli ile haikuwa imebeba mzigo kupita kadiri. Kwa nini ilivunjika siku ile, na si jana yake? Jibu lilipatikana polepole, na aliyelifanyia kazi kuliko wote ni August Wöhler, mhandisi wa reli huko Ujerumani. Kwa miaka mingi alizizungusha ekseli katika mashini za majaribio, akahesabu mizunguko mpaka zikavunjika. Alithibitisha kwamba mzigo mdogo, usioweza kuvunja chuma kwa mara moja, waweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi sana.

Chukueni waya, mkaupinde huku na huku. Mara ya kwanza hauvunjiki, wala mara ya tano. Lakini hatimaye hukatika, ingawa nguvu ya mkono haikuongezeka. Ekseli nayo hupindwa kidogo na mzigo, na kwa kuwa inazunguka, upande uliokuwa ukivutwa juu huwa ukibanwa chini nusu mzunguko baadaye. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 90 huzunguka mara 350 hivi kwa kila kilometa. Katika safari ya kilometa 100 ekseli yake imepindwa mara 35,000. Penye mkwaruzo mdogo au kutu ufa huanza, mwembamba kuliko unywele, ukaendelea kimya kimya.

Kwa sababu hiyo palikuwako stesheni mtu mwenye nyundo yenye mpini mrefu. Watoto walidhani anacheza. Alipita behewa kwa behewa akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu kama ya chungu kilichopasuka. Leo karakana nyingi hutumia vyombo vya sauti isiyosikika kwa sikio, vinavyoonyesha ufa ndani ya chuma. Lakini chombo hakimwondolei mtu wajibu wa kutazama. Tarehe 3 Juni 1998, huko Eschede, Ujerumani, pete ya gurudumu moja la treni ya mwendo wa kasi ilivunjika kwa uchovu wa chuma. Watu 101 walikufa. Nchi yenye mafundi hodari, treni ya kisasa, na adui ni yule yule wa mwaka wa 1842.

Yanayotuhusu sisi

Msomaji aweza kusema: “Hayo ni ya mafundi, mimi ni abiria tu, au jirani wa njia.” Sivyo. Tuliyoyaona yatuonyesha mambo matatu yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza ni parafujo. Upana wa njia hushikwa na vyuma vidogo vinavyofunga reli juu ya mataruma. Mtu aking'oa vichache ili akauze chuma chakavu, reli yaweza kufunguka chini ya uzito. Gurudumu halina nafasi ya kufuata: upana wake, kama tulivyoona, hausamehi. Fedha ya chuma kile haitoshi chakula cha siku mbili, na bei yake yaweza kuwa maisha ya watu.

La pili ni mawe. Watoto wa karibu na stesheni hupenda kuweka jiwe juu ya reli ili waone likisagwa. Wazazi na walimu, waambieni habari ya sentimeta 3. Jiwe lililoingia chini ya gurudumu lililopungukiwa mzigo laweza kuliinua kadiri hiyo.

La tatu ni zito kuliko yote: kupanda treni za mizigo. Twajua kwa nini watu hupanda. Barabara ni mbovu, nauli ni ghali, treni za abiria ni chache, na mama mwenye magunia ya mahindi ana watoto wanaomngoja. Hatuwatukani. Lakini tarehe 10 Machi 2022, huko Buyofwe katika Lualaba, treni ya mizigo ilitoka katika reli, na zaidi ya watu 60 waliokuwa wamepanda wakafa. Miaka 15 kabla yake, Agosti 2007, karibu na Benaleka huko Kasai, watu wapatao 100 walikufa katika ajali iliyofanana na hiyo.

Behewa la mizigo lilipimwa kwa mizigo iliyolala chini na kufungwa. Watu wakikaa juu ya paa, na magunia yao pamoja nao, uzito hupanda juu. Katika pindo behewa huinama upande wa nje. Gurudumu la ndani hupunguziwa mzigo wake, na kule nje ukingo husukumwa juu ya ubavu wa reli kwa nguvu kubwa zaidi. Tena yule aliye juu ya paa au kati ya behewa na behewa hana ukuta, hana kiti, hana cha kushika. Fundi aweza kulikata gurudumu upya na kuitafuta nyufa ndani ya ekseli; hawezi kumrudisha mtu aliyeanguka chini ya tani 18.

Wakubwa wa reli nao wana fungu lao: kuwapatia watu treni za abiria, na kutoliacha behewa liondoke likiwa na watu juu. Tuwadai hilo bila kuchoka. Lakini kabla halijatimia, baba na mwambie kijana wake, na mwalimu awaambie wanafunzi wake, kabla ya safari na si baada ya msiba. Wakibisha, wapeni vikombe viwili na fito mbili, kisha wekeni jiwe juu ya kikombe kimoja wajionee wenyewe.